Chokaa ya Shule

Tabita mwanangu,

Shikamoo yako ya asubuhi niliiitikia vibaya, najua. Lakini ulinisalimia ukiwa umekalia sanduku, mama yako amekalia upande wa pili, mnalishindilia lifungike, na ndani ya sanduku hilo, mahali pa sweta ya pili, kuna udongo. Unakwenda Bulgaria, nchi ambayo nina hakika ina udongo wake, na umebeba udongo wa mahame yetu, pale tulipoishi zamani, umeuviringisha ndani ya shati langu la kwendea kanisani. Nilipouliza kesho nitavaa nini kukusindikiza, mlicheka. Nikaona heri niondoke kabla sijasema neno la kujutia siku ya kuagana.

Kwa hiyo niko shuleni. Ni saa nane mchana, hakuna mtu, nimeketi kwenye dawati la darasa la tatu na magoti yamekaribia kidevu, naandika kwenye daftari la mazoezi kwa sababu karatasi nzuri zote umezimaliza kwa kuchora. Mbuzi wa jirani wanaingia na kutoka kama wanafunzi waliochelewa. Nimeshawafukuza mara tatu.

Mawaidha sitakupa. Wiki nzima nyumba yetu imekuwa kama mkutano wa kijiji. Shangazi yako amekuonya kuhusu wanaume, mchungaji amekuonya kuhusu watu wasiomwamini Mungu, na baba yako mkubwa, ambaye hajawahi kuvuka Manyoni, amekueleza kwa saa nzima namna ya kupanda ndege. Mama yako amekuambia mambo yote yaliyobaki, na yale ya kuvaa soksi ameyasema mara mbili. Mimi nilikaa kimya, watu wakadhani nina huzuni. Sikuwa na huzuni. Nilikuwa nimeudhika, na aliyeniudhi kuliko wote ni mimi mwenyewe.

Barua hii ina jambo moja tu. Ni yale uliyotusomea Alhamisi.

Ulisimama katikati ya sebule na karatasi yako, ile uliyowaandikia watu wa chuo cha huko wakaipenda hata wakakuchagua, na ambayo utaisoma tena mbele yao picha zako zitakapotundikwa. Ulisoma habari za bibi yako aliyechora njia ya kwao kwenye ukuta wa tembe. Ukasoma kwamba ulipokuwa mtoto wa miaka sita lori la serikali lilikuja kutuhamishia kijijini, nawe ukasimama uwanjani ukautazama ukuta ule ukianguka na picha zake zote, vilima na mito na watu, na kwamba tangu siku ile unachora ili uurudishe. Ulisoma vizuri. Nilikufundisha kusoma mimi mwenyewe, kwa hiyo nikisema ulisoma vizuri niamini. Mchungaji alifuta macho. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Tabita, ukuta ulioanguka siku ile ulikuwa mweupe. Haukuwa na picha hata moja. Ulikuwa mweupe kwa miezi saba kabla ya lori kuja, na mtu aliyeupaka weupe ule ni mimi.

Nilidhani nikishaandika hayo mkono utakuwa mwepesi, kumbe bado. Wacha nieleze tangu mwanzo, na univumilie, maana mwalimu hajui kueleza kitu bila kuanzia mwanzo.

Bibi yako, yaani mama yangu, kama unavyojua, si Mnyaturu wa kuzaliwa. Unajua juu juu tu, kwa sababu yeye alikusimulia kama hadithi na mimi sikukusimulia kabisa. Alizaliwa upande wa Mkalama, kwa Waisanzu. Alikuwa na miaka saba au minane njaa ilipoingia kwao. Mjomba wake akamshika mkono, wakatembea siku nyingi mpaka huku kwetu, ambako mwaka ule uwele ulikuwa umepatikana. Akamwacha kwenye nyumba ya watu ambao baadaye walikuja kuwa wakwe zake, yeye akarudi na kikapu cha uwele kichwani. Alimwambia atamfuata mvua ikinyesha. Mvua ilinyesha. Imenyesha miaka mingi.

Mtoto yule hakujua Kinyaturu. Hakuwa na mtu wa kuzungumza naye lugha ya kwao, akaanza kuisahau neno moja moja. Njia ndiyo hakutaka kuisahau, kwa hiyo akaichora. Alianza kwa kidole kwenye udongo mbichi wa ukuta wa jikoni, na alipoolewa akapata tembe yake mwenyewe, akaichora ukuta mzima wa chumba cha mbele kwa udongo mweupe, udongo mwekundu na masizi ya chungu. Ilianzia mlangoni, ikaenda kulia, ikakata kona, ikaishia juu ya kitanda chake, kwenye picha ya nyumba ya mama yake. Kila mahali walipolala yeye na mjomba palikuwa na alama, na kila alama ilikuwa na jina. Mwishoni walikuwapo watu, wadogo kama kidole gumba, na kila mmoja alikuwa na kitu cha kumtambulisha. Mmoja alishika kibuyu, mmoja alikuwa na mguu mfupi, mmoja alibeba mtoto mgongoni. Mama yake alikuwa mmojawapo. Sikuwahi kuuliza ni yupi.

Sasa sikiliza namna alivyoutunza, maana hapa ndipo penye kosa langu. Tembe haidumu. Mchwa hula miti, paa la udongo hulemea, na baada ya miaka kumi na kitu unajenga nyingine kando yake. Watu huhamisha vyungu na ng'ombe, wakaiacha ya zamani iporomoke yenyewe. Bibi yako hakufanya hivyo. Aliziacha nyumba mbili zisimame pamoja kiangazi kizima. Alikwangua udongo kidogo kwenye ukuta wa zamani, chini kabisa ambako hakukuwa na picha, akauchanganya na udongo wa kukandikia ukuta mpya. Halafu kila siku alitoka nyumba hii kwenda ile. Anatazama kipande, anataja majina yake kwa sauti, anakwenda kukichora, anarudi kutazama kingine. Nilimwona akifanya hivyo nikiwa mtoto. Hakuwa anachora kwa kukumbuka. Alikuwa anatazama kwanza, na akitazama ndipo majina yanamjia. Mimi niliona ni kazi ya kuchosha, nikaenda zangu kucheza.

Baadaye nilikwenda shule, nikawa mwalimu, na Uhuru ukanikuta kijana mwenye kaptula iliyopigwa pasi na haraka isiyo na kipimo. Kila cha zamani kilinitia aibu. Niliona aibu hata mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kunicheka. Kabla hujazaliwa alikuja muuguzi mmoja Mzungu wa hospitali ya misheni, mama wa makamo, amesikia kwa wagonjwa habari za ukuta. Alikuja kwa baiskeli na daftari kubwa na penseli za rangi. Aliomba kwa adabu, kwa Kiswahili kizuri kuliko cha wengi wetu, aruhusiwe kuunakili. Nilimjibu mlangoni kwamba mwenye nyumba hayupo. Bibi yako alikuwa ndani anapeta uwele, sauti ya ungo inasikika mpaka nje. Yule mama aliisikia na mimi nikaona kwamba ameisikia. Akashukuru, akapanda baiskeli yake. Nilikuwa nimejiambia kwamba atawapelekea wenzake huko kwao wakaone jinsi tunavyochorachora kuta kama watu wasio na daftari. Kwa hiyo nakala haipo popote. Umewahi kuniuliza mara ngapi, Tabita, kama hakuna hata mtu mmoja aliyenakili? Nilikuwa najibu, "Nani angenakili wakati ule?"

Halafu ikaja chokaa. Ulikuwa na miaka mitano. Kulikuwa na kampeni ya nyumba bora, na tukaambiwa mgeni mkubwa wa wilaya atapita kukagua. Mimi nilikuwa mwalimu na pia balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo nilikuwa balaa mara mbili. Shule ililetewa chokaa. Tukapaka madarasa, tukapaka mawe ya njiani, tukapaka mashina ya miti, tungepaka na mbuzi kama wangesimama. Ikabaki ndoo moja na nusu. Bibi yako alikuwa amekwenda Ikungi msibani, siku nne. Nikaiangalia ndoo ile. Nikawaza mgeni akiingia kwa mama yake balozi akakuta masizi na udongo mwekundu, atasema nini juu ya balozi mwenyewe. Nikaponda katani nikapata brashi, nikaingia.

Sikupaka kwa hasira wala kwa kutojua. Nataka ulielewe hilo, maana ningependa sana kusema sikujua. Nilianzia mlangoni nikafuata njia ile ile kwenda kulia. Nilipofika kwa wale watu wadogo nilisimama. Nilisimama muda wa kutosha kunywa maji. Kisha nikawaza kwamba ukuta wenye nusu chokaa utaonekana mbaya kuliko wote, nikamalizia.

Mgeni alikuja. Alikaa shuleni chini ya saa moja, akasifu choo chetu kipya, akapanda mche wa mti, akaondoka. Hakuingia nyumba ya mtu yeyote.

Bibi yako alirudi kesho yake jioni, jua likiwa bado juu kidogo. Niliingia nyuma yake nikiwa na maneno mengi ya kampeni tayari mdomoni. Alisimama katikati ya chumba na mzigo wake kichwani, hakuutua. Alitazama kuanzia mlangoni kwenda kulia, polepole, kama mtu anayesoma. Alipomaliza akaniambia neno moja tu, kwa sauti ya kawaida.

"Nilikuwa sijamaliza."

Nilimwambia tutachora tena. Tutachora, mimi ambaye nikichora kuku ubaoni watoto huuliza kama ni kiti. Alipokwenda kisimani nilichukua kitambaa cha maji nikajaribu kuosha sehemu ndogo karibu na mlango. Chokaa ilitoka, na udongo wake mweupe ukatoka nayo, na wekundu ukafuata. Nikaacha. Palibaki doa la rangi ya kahawia, naye hakuniuliza ni la nini.

Najua unachotaka kusema. Wewe una moyo mwema kuliko mimi, utasema ukuta ungeanguka tu, kwa sababu tulihama mwaka ule ule. Nimejiambia hivyo miaka yote hii na nakuomba usinisaidie. Tulijua miezi mingi kabla kwamba tunahamia kijiji cha ujamaa. Tena, na hili pia umelikosea katika karatasi yako, hakuna aliyetulazimisha. Wengine walisukumwa baadaye, sisi tulikwenda kwa miguu yetu, mimi nikiwa mbele na nyundo. Lori tuliliomba wenyewe litubebee miti tuliyoing'oa kwenye tembe. Kungekuwa na nyumba mbili kwa kiangazi kizima, ya zamani na mpya, na bibi yako angetembea kati yake kama alivyozoea. Safari hii angekuwa na mtu wa kumshika mkono anayependa mambo hayo, yaani wewe. Hilo ndilo nililolifuta. Ukuta ni udongo tu. Ungekuwa umeshauambia ukuta mwenzake yote.

Alijaribu. Huenda hukumbuki. Katika nyumba mpya ya kijijini, yenye kuta zilizonyooka nilizojivunia mno, alikandika ukuta mmoja akachora mlango, na kilima, na kitu kama mto. Siku ya pili alikaa mbele ya ukuta kutwa nzima na udongo ukamkaukia mkononi. Siku ya tatu akakandika juu yake, akaenda shambani. Tangu siku hiyo hajachora hata mstari.

Ulipoanza kuuliza, ulikuwa darasa la pili. Ulitaka kujua picha za bibi zilikwenda wapi. Nilikuwa mlangoni navua viatu. Nikasikia bibi yako akikuambia kwamba lori lilipokuja, ukuta ukaanguka na mvua ikachukua iliyobaki. Alisema hivyo bila kunitazama. Mimi nikaendelea na viatu, na nadhani hakuna mtu aliyewahi kuvua viatu kwa muda mrefu vile. Alikudanganya kwa ajili yangu, ili mtoto asije akamchukia baba yake, na mimi nikaupokea uongo ule kama mtu anavyopokea chai.

Kisha akakusimulia ukuta huo kwa miaka. Vilima viwili vinavyofanana, mto wenye mikoche, watu wadogo. Alikusimulia vizuri mpaka wewe ukaamini uliuona. Hukuuona siku ile, Tabita. Ulikuwa uwanjani, hilo kweli, nilikukataza kusogea karibu na miti. Ulichokiona kikianguka ni chokaa. Picha unazokumbuka zikianguka ni macho ya bibi yako yameingia kwenye kichwa chako. Nashindwa kujua niite uongo au niite kitu gani, na nimefundisha miaka ishirini na tano bila kukutana na swali kama hilo. Ila niliona jambo moja ambalo wewe, kwa furaha yako ya kuchora, hukuliona. Kila mwaka alisimulia njia iliyofupika kidogo. Ukimwuliza jina la mahali alikuwa anajibu, "Ni pa kwetu huko."

Na sasa huu udongo. Juzi ulirudi kutoka mahameni umejaa vumbi na furaha, ukatuonyesha vipande vyeupe ndani ya bonge, ukasema ni rangi ya bibi, imedumu miaka yote hii ardhini. Ulimwekea bibi yako kipande kimoja kiganjani. Alikifunga kiganja, akasema ahsante. Ni chokaa, mwanangu. Ni chokaa ya shule. Udongo wake mweupe haukai hivyo, uliyeyuka zamani. Umebeba kazi ya mikono yangu ndani ya shati langu, na unaipeleka Ulaya kama kitu kitakatifu. Ndiyo sababu nilifoka kuhusu shati. Shati lenyewe limechakaa, lichukue.

Ndiyo sababu pia ya mengine mengi. Ulipoanza kuchora kwenye madaftari ya hesabu nilikuchapa. Ulipofaulu nikataka uende kilimo, nikataka uende uuguzi, nikataka chochote chenye koti jeupe au buti. Mama yako alidhani nadharau picha. Wewe ulidhani hivyo hivyo, na siku ile ulipoletewa barua ya chuo nikasema sioni faida yake, ulilia jikoni na mimi nikakusikia. Sikudharau hata siku moja. Nilikuwa naogopa. Kila ulipokaa na penseli niliona mtu anayekaribia kuuliza swali. Nakuomba radhi kwa yale madaftari, na kwa siku ya barua, na nasikitika kwamba naomba radhi kwa maandishi kama karani.

Jana asubuhi, baada ya usomaji wako, nilimkuta bibi yako uani anapeta. Nilijifanya natafuta jembe. Hakuinua macho. Akasema, "Baba Tabita, mimi nimekubebea uongo huu tangu mtoto yule hajaota meno makubwa. Sikuubeba ili uende kusomwa kwa Wazungu. Mwambie wewe, au nitamwambia mimi, na mimi sitachagua maneno."

Nikasahau jembe. Nikakaa chini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, mtu mzima mwenye mvi, nikamwomba mama yangu anitajie majina ya njia ya kwao ili niyaandike uende nayo. Fikiria hilo. Mkalama si mwezini. Ni safari ya lori ya siku moja. Nimekwenda semina Dodoma mara sita, nimekwenda mpaka Tabora kusimamia mitihani, na sikuwahi kumpandisha mama yangu kwenye lori kumwuliza nyumba yenu ilikuwa wapi. Nilimwambia hata hilo, kwamba tutakwenda. Akajibu kwamba magoti yake yamekataa, tena akauliza, kwa utaratibu tu, angekwenda kwa nani.

Lakini majina alikubali. Alianzia mlangoni. Aliinua kidole akakiweka hewani mbele ya uso, akafumba macho. Akataja Jiwe la Fisi, walikolala usiku wa mwisho kabla ya kufika huku kwetu. Nikaandika. Akataja Mto wa Mikoche, ambako mjomba alimbeba begani. Akataja Kilima cha Nyuki, na kingine kinachofanana nacho, wakakiita Pacha. Hayo ni manne, nimeyaandika yote na nimeyaambatanisha. Kidole kikafika kwenye kona, kikasimama. Kikarudi nyuma mpaka Kilima cha Nyuki, kikaja tena, kikasimama pale pale. Nilisubiri, kalamu mkononi. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Mwishowe alifumbua macho, akavuta ungo.

"Andika hayo," akasema. "Kutoka hapo naona weupe tu."

Mama yake yuko huko ndani ya weupe ule, na yule mwenye mguu mfupi, na mjomba aliyeahidi kurudi. Nilimwuliza kama mama yake ndiye aliyeshika kibuyu au ndiye aliyebeba mtoto. Akaniambia nisimsumbue, mchana unakwisha na uwele haujapetwa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Barua hii nitakupa jioni, mkononi mwako, kabla ya chakula. Nilifikiria kuichomeka sandukuni uisome ukiwa umeshafika, na nikaona hiyo ni tabia yangu ile ile ya kuvua viatu. Nataka uwe na muda wa kunikasirikia nikiwa karibu, uniulize unachotaka, unifokee ukipenda mbele ya mama yako na shangazi yako. Nitakaa hapo hapo. Kesho usiponipa mkono pale kituoni nitaelewa, ingawa sitapenda.

Karatasi yako sikuambii uifanyeje. Ndiyo iliyokufungulia mlango, na sijui wale watu watasemaje ukiwaambia mambo yalikuwa mengine. Labda hawatajali. Wewe utajali, nakujua, umerithi kichwa kigumu na hukukirithi kwa mama yako. Lakini ukiamua kuiandika upya, usinifichie kama bibi yako alivyonifichia. Usiseme lori, usiseme mvua, wala usiseme kwamba wakati ule watu hawakujua thamani ya vitu. Nilijua. Nilisimama mbele ya wale watu wadogo muda wa kutosha kunywa maji, nikajua, nikapaka.

Kila picha utakayoichora huko utaandika jina lako chini, na jina lako la pili ni langu, liko hata kwenye pasipoti. Watu wakikuuliza ni nani aliyeufuta ukuta wa bibi yako, waonyeshe hapo.

Baba yako